Mama Aliyefunika Kisima Bahari Ikijaa

Wa nyuma sogeeni mbele, nafasi ipo. Na mwenye goti bovu anyooshe mguu wake, hakuna atakayemlaumu. Leo sina maneno makubwa, jamaa zangu. Jana baada ya alasiri walikuja watu wawili kwangu, mmoja baada ya mwingine, kulalamikia mahali hapa tunapokaa. Wa kwanza bati lake limeliwa na chumvi, hata miaka minne halijatimiza. Wa pili jembe lake limevunjika juu ya mawe, la tatu hilo mwaka huu. Nikawapa pole, nikawapa na chai. Walipoondoka nikamkumbuka mama mmoja. Huyu mama ni wa mfano tu, msimtafute mitaani, hayupo. Lakini nadhani mtamjua.

Alikuwa mjane, akikaa kijiji kama hiki chetu, juu ya mawe ya matumbawe, nyumba ya mwisho kabla ya kufika pwani. Uani kwake palikuwa na kisima alichoachiwa na marehemu baba yake. Kutoka kisimani hadi maji ya bahari yanapofika yakijaa, ni hatua arubaini. Na bado maji ya kisima kile yalikuwa matamu. Mnajua wenyewe chai ya maji ya chumvi ilivyo, hata utie sukari kibaba kizima bado inakukera kooni. Kwa mama huyu chai ilikuwa chai. Mgeni akipewa maji ya kunywa huuliza kama ni ya mvua.

Sasa, mtu mwenye neema ya namna hiyo uani kwake angekuwaje? Angelala usingizi mtamu, sivyo? Mama yetu hakulala. Alikuwa na ugomvi na bahari. Aliitazama inavyojaa, inavyopanda mwambani, inavyokuja mpaka kwenye mizizi ya minazi yake, naye moyo ukimwenda mbio. Aliona kama jirani mbaya anayesogeza mpaka kila siku kidogo. Alisema bahari hii inakunywa maji yangu. Kila mara kisima kilipopungua aliinyooshea kidole bahari, na kila kilipotoa tope kosa lilikuwa la bahari.

Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Bahari ikianza kujaa, mama anapiga ukelele kutoka jikoni, na binti zake wawili wanakimbia uani, wanakifunika kisima kwa kifuniko kizito cha mbao, wanaweka na jiwe juu. Hakifunguliwi mpaka maji yapwe. Ndiyo, kwa hofu kwamba bahari itaingia kisimani. Na ikipwa, ikienda zake mbali kabisa hata wanawake wanatembea mchangani kutafuta chaza, hapo ndipo kifuniko kinapoondolewa na watu wa nyumba ile wanachota.

Mnacheka. Nani aliyewahi kuuliza desturi ya kwao ilianza vipi?

Ya mama yule ilianza hivi. Zamani, yeye bado msichana, mwaka mmoja upepo wa kusi ulivuma siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, mawimbi yakaruka mwamba, maji ya bahari yakamwagikia kisimani kutoka juu. Wakati huo mdomo wa kisima ulikuwa sawa na ardhi. Baba yake akatengeneza kifuniko, wakakaa wiki tatu wakifunika na kufunua. Kisha mzee akaleta mawe na chokaa, akaujenga mdomo ukapanda hadi kiunoni, na tangu siku hiyo hakuna wimbi lililoupita. Mzee akaacha kufunika. Lakini binti yake hakuacha. Baba alipofariki, yeye akakishika kifuniko kama wasia.

Na alikuwa na dua yake. Kila baada ya alfajiri aliinua mikono akasema, Ewe Mola wangu, isogeze bahari hii mbali na kisima changu. Miaka ya kwanza aliomba iondoke kabisa. Baadaye akaanza kupunguza, akasema hata hatua mia tu, Mola wangu, zinanitosha. Miaka thelathini aliomba dua hiyo, jamaa zangu, na kwa miaka thelathini kila alipomaliza kuomba aliinua macho akaiona bahari palepale. Basi akaongeza punje moja kwenye gunia la malalamiko yake: kwamba Mola anawasikia wengine.

Ukafika mwaka mmoja wa kaskazi kali. Jua lilikuwa la kuunguza, mvua hakuna, mihogo imesinyaa. Na katikati ya jua hilo binti yake mdogo akachumbiwa. Watu wa mume walitaka harusi kabla ya Ramadhani, siku ikapangwa, Ijumaa. Mnajua harusi zetu. Wali wa watu mia tatu unataka maji. Chai ya asubuhi inataka maji. Wageni kutoka ng'ambo wataoga, watatawadha, watakunywa. Na kisima, wakikifungua bahari imepwa, maji yake hayakufika hata gotini. Ndoo inakwaruza mwamba chini, inapanda na mchanga.

Binti zake wakaanza kwenda kisima cha shambani. Nusu saa kwenda, na kurudi na ndoo kichwani ni zaidi. Waliondoka saa gani? Bahari ikijaa, kwa kuwa saa hizo chao kimefungwa. Wanaweka jiwe juu ya kifuniko, wanajitwika ndoo tupu, wanaondoka. Bibi harusi mwenyewe, ambaye kwa desturi angekuwa ndani anafukizwa udi na kupakwa liwa, alikuwa njiani juani shingo inamuuma. Mama alimtazama akitoka, akaumia kweli. Aliona haya. Alijiona amemtoa mwanawe katika siku zake nzuri na kumfanya mchota maji.

Jumatatu ya wiki ile ya harusi akatuma salamu kwa fundi wa visima wa kijiji cha pili. Fundi akaja na mtaimbo wake, sululu, na kamba ndefu yenye mafundo. Alikuwa mtu mzima, mikono yake imejaa makovu ya mawe. Akamwamkia mama, akakaribishwa, akaelezwa shida. Mama akasema anataka kisima kichimbwe kiende chini dhiraa nne zaidi, na kiwe tayari Alhamisi. Fundi akasema sawa, lakini kwanza akitazame. Mama akamwambia akae anywe kahawa, asubiri, kwa sababu saa ile haiwezekani.

Ilikuwa alasiri, siku za bamvua. Bahari imejaa tele, imefika mwisho wake. Fundi akauliza kwa nini haiwezekani, akaelezwa desturi ya kifuniko toka mwanzo hadi mwisho. Hakucheka, Mungu amjalie. Aliuliza jambo moja tu.

"Mama, tangu baba yako afariki, umewahi kukiona kisima hiki bahari ikiwa imejaa?"

Mama akafikiri. Akasema hajawahi. Atakionaje, na kimefunikwa?

Fundi akainuka, akauendea mdomo wa kisima, akaweka mkono juu ya jiwe. Mama naye akainuka upesi, akaweka mkono wake juu ya mkono wa fundi. Mikono miwili juu ya jiwe moja.

"Fundi, ukifungua saa hii na chumvi ikaingia, harusi ya mwanangu umeivunja wewe."

"Mama yangu, nikichimba bila kujua maji yako yako wapi, hapo ndipo nitakapoivunja. Lakini kisima ni chako. Jiwe liondoe wewe mwenyewe."

Jamaa zangu, mama yule alisimama pale muda mrefu. Muwe na huruma naye. Ni rahisi kwetu tuliokaa kwenye mkeka kusema aondoe. Yeye alikuwa ameshika kitu cha baba yake, ana harusi siku nne mbele, na nyuma yake bahari inanguruma mwambani hatua arubaini. Kisha akasema bismillahi, akaliondoa jiwe, akakisukuma kifuniko pembeni.

Wakatazama chini, na maji yalikuwa karibu. Pale ambapo asubuhi hayakufika gotini, sasa yangemfika mtu mzima kifuani, yametulia, safi, na nyuso zao mbili zinaonekana ndani yake. Mama akashika mdomo. Akasema kwisha, imeingia, bahari imeingia. Akakaa chini.

Fundi akashika kamba. Akatia ndoo polepole, akachota ya juu, akaivuta. Kamba iliyozoea kwenda yote, nusu yake ilibaki imekunjwa mkononi mwake. Akachukua kata, akachota, akampa mama kwanza. Mama akafumba macho kama mtu anayekunywa dawa.

Akanywa. Akafungua macho. Akanywa tena.

Yalikuwa matamu, ndugu zangu. Matamu kuliko ya asubuhi, kwa sababu hayakuwa na tope.

Mama hakuelewa, akataka kuelezwa. Fundi akachuchumaa akamweleza kwa upole. Akamwambia mvua inayonyesha juu ya mawe haya haipotei, mawe yana matundu, yanainywa yote. Inashuka mpaka inapokutana chini kwa chini na maji ya bahari. Na maji ya mvua ni mepesi, ya bahari ni mazito, kwa hiyo matamu yanakaa juu kama samli inavyokaa juu ya mchuzi. Bahari ikijaa huku nje, na kule chini inapanda, inayainua yale matamu. Ikipwa, nayo yanashuka. Kisha akamwambia maneno ambayo kwa ajili yake nimewasimulia kisa hiki chote.

"Bahari hainywi maji yako, mama. Imeyabeba."

Akaongeza kwamba zile dhiraa nne alizotaka, yeye asingezichimba hata akilipwa ng'ombe, maana angeyapita yale matamu na kumfikisha kwenye chumvi yenyewe. Kinachotakiwa ni kuchota ya juu, kwa ndoo ndogo, bila pupa, bahari ikiwa imejaa. Kazi ya fundi siku ile ilikuwa hiyo tu. Akakunja kamba yake.

Mama akabaki amekaa kwenye ukingo. Akaikumbuka miaka yake. Kila siku bahari ilikuwa inamjazia kisima mara mbili, na kila siku, mara mbili, yeye anawaamrisha wanawe waweke jiwe juu. Wanafunga mlango ile saa riziki inapobisha hodi, wanajitwika ndoo, wanakwenda kuyatafuta shambani maji waliyoyaacha uani. Alitaka kulia, kikamtoka kicheko, halafu vyote viwili vikaja pamoja.

Hapo ndipo binti zake walipoingia kutoka shambani, ndoo vichwani, jasho linatiririka. Wakamwona mama yao kisimani, kifuniko kiko chini. Bibi harusi akashtuka.

"Mama, bahari imejaa. Umesahau kufunika."

"Sikusahau, mwanangu. Tua ndoo hiyo, uje unywe."

Harusi yenyewe mnaweza kuiona akilini, sina haja ya kuwasimulia. Wali uliiva, watu walitawadha, wazee wa ng'ambo waliuliza kama chai ile ni ya maji ya mvua. Kifuniko? Alikipigilia miguu minne akakifanya meza ya kukatia vitunguu.

Lakini nirudi nyuma kidogo, kwa sababu harusi siyo mwisho wa kisa. Siku ileile ya Jumatatu, adhana ya magharibi ilipita, mama akaswali, akamaliza, akainua mikono. Na unajua ulimi ukizoea. Ulimi wenyewe ukaanza, Ewe Mola wangu, isogeze bahari hii. Akanyamaza katikati ya maneno. Mikono imebaki juu. Akafahamu kitu kilichomtia baridi mwilini. Kumbe kama angekubaliwa dua yake hata mara moja, mara moja tu katika miaka thelathini, kisima cha baba yake kingekauka. Akasema:

"Ewe Mola wangu, ulinisikia miaka yote hii ukaninyima. Ahsante."

Sasa tujitazame sisi.

Mimi na wewe tunamshukuru Mola kwa vile alivyotupa, na ni wajibu wetu, tena hatufanyi vya kutosha. Mtu anakula samaki, anajilamba vidole, anasahau. Lakini nani kati yetu ameshawahi kukaa akashukuru kwa yale aliyoyaomba akanyimwa? Wangapi tunayo bahari nyuma ya nyumba, tunaiombea dua mbaya kila alfajiri, na kumbe ndiyo iliyotubeba?

Bwana Vuai, usiiname, sikusemi kwa ubaya, nakupenda. Mwaka jana ulitaka ile mikoko nyuma ya kwako ifyekwe yote, matope yake yananuka na mbu hawakuachi. Haikufyekwa. Na kusi ilipokuja na mawimbi yale tuliyoyaona, nyumba zilizoliwa ukingo ni zipi? Za upande usio na mikoko. Kwako hata banda la kuku halikusogea. Na wale kaa unaowauza, wanalelewa wapi kama si kwenye matope hayohayo unayoyatukana? Na wewe uliyevunja jembe la tatu, mawe yaliyolivunja ndiyo yaliyokunywa mvua ya masika yakakuwekea mpaka leo. Ingekuwa udongo mtupu ulioshuka mpaka baharini, ungekunywa nini mwezi wa pili? Na wewe mwenye bati, chumvi inayolila ndiyo iliyokausha papa wako akakaa mwaka mzima darini bila kuoza. Sisemi bati lisiume. Linauma, na kuezeka upya ni gharama. Nasema tu tuitazame nchi hii kwa macho mawili.

Na msije mkatoka hapa mkasema imamu katuambia tuisalimie bahari. Bahari ni kiumbe kama sisi, inajaa kwa amri na inapwa kwa amri. Tunamshukuru anayeiamrisha.

Nimalizie kwa aibu yangu mwenyewe, kwa kuwa nimewasema ninyi na mimi sijajisema. Nilipoletwa msikiti huu, miaka tisa iliyopita, sikufurahi. Upepo wa chumvi ulinikamata kifua, jua kali, gari halifiki, na ninyi, samahani, niliwaona watu wagumu. Miaka mitatu mfululizo niliomba nihamishwe. Niliomba hapohapo kwenye kibla, ninyi nyuma yangu mkiitikia amin na hamjui ninaomba nini. Mlikuwa mnaniitikia niwaondokee.

Sikuhamishwa. Mwaka wa nne mke wangu akashikwa na uchungu wa mtoto, uchungu mbaya, na bahari imepwa, chombo hakielei. Mlimweka kwenye kitanda cha kamba. Mliingia nacho kwenye mkondo unaotutenga na barabara, maji kiunoni, kisha kifuani, mkakiinua mabegani mpaka ng'ambo kwenye gari. Vuai alishika mguu wa mbele wa kulia, sijasahau. Mke wangu yuko hai. Mtoto ndiye yule anayewasumbua kwa kupanda mimbari.

Ninyi ndio niliokuwa naomba niondolewe.

Basi na tuinue mikono. Ewe Mola wetu, tunakushukuru kwa mvua na kwa mawe yanayoinywa, kwa matope ya mikoko, kwa chumvi na kwa kusi na kaskazi. Tunakushukuru kwa majirani zetu, wepesi na wagumu. Tufungulie macho tuone ulichokiweka uani kwetu, na utupe nguvu ya kuliondoa jiwe tuliloliweka wenyewe. Na yale mengi tuliyokuomba ukatunyima kwa huruma yako, leo, kwa kuchelewa, tunakwambia ahsante.

Nyamazeni kidogo. Mnaisikia kule mwambani? Inajaa.

Alhamdulillahi.